Nimechubuka, Sijajichubua

Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwa Somo, na juu ya kitambaa ilikuwepo ngozi ya shavu la bibi harusi.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, wewe ukabaki na gazeti mkononi na mimi nikaenda kunywa chai yangu. Nusrat, binti wa Mzee Zubery muuza mchele wa Mwanjelwa, amekalishwa mkekani chumbani kwake hapa Mbeya, anasingwa kwa ajili ya ndoa ya kesho. Somo, mama mtu mzima aliyekabidhiwa kumfunda na kumpamba, anafuta usoni singo, ule unga wa manukato wa kusugulia ngozi. Singo inatoka, na uso nao unatoka. Mara mlango unafunguliwa bila hodi.

Aliyeingia ni Bibie, shangazi yake bwana harusi.

Alikuwa ametoka Iringa na kufika siku moja kabla ya ile aliyoalikwa, maana watu wa aina yake ukiwaalika kesho hufika leo, wakukute hujafagia. Uso wake ulikuwa mweupe kupita wa mtu yeyote wa ukoo wao, na vifundo vya vidole vyake vilibaki na rangi aliyozaliwa nayo. Alisimama mlangoni akamtazama Nusrat kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Shangazi," Nusrat alisema, ingawa kufungua mdomo tu kulimchoma.

"Shikamoo yako iweke. Uso umeupeleka wapi?"

"Karibu, mama," Somo aliingilia haraka. "Ni singo imemkataa kidogo tu."

"Singo imkatae mtu! Tangu lini? Singo imekutana na mwenzake hapo. Huyu mtoto anajichubua!"

Alilisema neno hilo kwa sauti ya kufika barabarani, na huko ndiko alikotaka lifike. Katika nyumba ya Mzee Zubery hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mzee huyo aliwahi kumrudisha mfanyakazi wa ndani kwao Tukuyu kwa kumkuta na kopo la krimu, na jioni ile ile alitangaza mezani kwamba binti yake akionekana na rangi ya kununua, asimwite tena baba. Nusrat alikuwepo mezani, na alijua kwamba baba yake hatanii.

"Nimechubuka, Shangazi," alisema. "Sijajichubua."

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Moja inakupata. Nyingine unaitafuta mwenyewe."

Happy, shoga yake tangu shule na nesi wa zahanati moja kule Uyole, alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka na beseni la maji. Aliinamisha kichwa asionekane anacheka.

Bibie alikwenda moja kwa moja kitandani akainua mto. Hakuna aliyemwonyesha. Wengine wamejaliwa sauti, wengine mkono wa kupika, na Bibie alijaliwa kujua mwenzake ameficha wapi. Akaibuka na tyubu nyembamba, imekunjwa mkiani.

"Hii hapa! Retino! Naijua hii! Kwanza inabandua, halafu inawasha, halafu mtu anang'aa!"

"Shangazi, umeijulia wapi?" Happy aliuliza kwa upole wa kinesi.

"Nimesikia."

"Umesikia mpaka mpangilio wake?"

"Nimesikia vizuri! Na wewe ni nani wa kunihoji?"

Koridoni mtu alikohoa. Mzee Zubery asingeingia chumba ambamo bibi harusi anasingwa, lakini hakuna sheria iliyomkataza kusimama nje ya mlango.

"Nani amejichubua?" aliuliza.

"Binti yako, Mzee Zubery!" Bibie alijibu kabla mtu hajavuta pumzi. "Nina dawa yake mkononi!"

Sauti ya mzee ikaja chini, ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

"Nusra. Una dawa?"

"Ninayo, baba. Lakini..."

"Nilikwambia nini mimi?"

Kwa aliyeanza kusoma leo, habari ya tyubu ile ni fupi. Nusrat ndiye anayesimamia uanikaji wa mpunga wa baba yake kule Igawa, msimu kwa msimu, ushungi umerudi nyuma na jua la Mbarali liko usoni. Jua lile lilimwachia mabaka mashavuni, rangi ya chai ya rangi iliyomwagika kwenye kitambaa. Mafundi wa saluni walimpa majina ya krimu. Yeye akaenda kwa Daktari Veneranda, mtaalamu wa ngozi, na daktari akamwandikia dawa ya jamii ya vitamini A.

Maelekezo yalikuwa wazi. Paka jioni, siku moja uruke, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Juu yake weka mafuta mazito. Asubuhi paka mafuta ya kuzuia jua, na ushungi uje mbele. Utachubuka mwanzoni, daktari alisema, kama mashavu ya mtoto wa Iringa mwezi wa saba, usiogope. Ngozi inajitengeneza, na rangi itakayorudi ni yako mwenyewe, haikupi ya mtu mwingine. Ukitarajia mimba, unaacha. Na usisugue.

Neno hilo la mwisho Nusrat alilisikia. Alilisikia akalikunja akaliweka mbali. Bibi harusi asiyesingwa ni bibi harusi gani? Na kumwambia Somo kwamba anapaka dawa usoni ilikuwa sawa na kumpigia baba yake simu. Alikusudia kuiacha mapema kabla ya singo, lakini mabaka yalikuwa yanafifia na kioo kilikuwa kinamsifu, akaendelea mpaka juzi. Kwa hiyo alikaa pale mkekani akiamini kwamba amejiunguza kwa mkono wake, na moyo ulimuuma kuliko mashavu.

Bibie alikuwa ameshatoa simu. Akaweka sauti ya kusikika na wote, maana aibu ya mtu mmoja haimshibishi mtu kama yeye.

"Abduli! Uko wapi?"

"Igawa, Shangazi." Ilikuwa sauti ya Abdulkarim, bwana harusi, ile sauti laini iliyompeleka Nusrat kwenye mkeka huu. "Gari limegoma. Fundi yuko chini yake."

"Afadhali limegoma! Mchumba wako amejichubua. Uso umebaki nyama!"

Bibie aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Abduli, unasikia?"

"Nasikia. Sasa, picha zitakuwaje?"

Nusrat alisubiri maneno mengine. Hayakuja. Hakuuliza kama anaumia. Hakuuliza kama ameona daktari, wala nani yuko naye. Aliuliza picha. Nusrat alikitambua kilichomjia. Ilikuwa dharau, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumpa kijana huyo.

"Picha hakuna!" Bibie alisema. "Mimi nasema tuahirishe. Au tuvunje kabisa. Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema hivyo hivyo unavyosema, Shangazi."

"Nimesema mawili! Lipi kati yake?"

"Lile utakalochagua."

"Mwanaume huyo," Happy alinong'ona akiloweka kitambaa, "ungemkuta sokoni ungemrudisha."

Bibie alitupa simu kitandani bila kuikata, kisha akaugeukia mlango, hotuba iko tayari. Alianza kumweleza Mzee Zubery kuhusu heshima ya ukoo wao pale Mshindo, kuhusu kikundi chake cha akina mama ambacho kila wiki anakihubiria kwamba mwenye kubadili rangi amemkosoa Muumba, na kuhusu watu wa Iringa nzima watakavyomcheka akirudi na bibi harusi wa namna hii. Alizungumza vizuri. Waongo wengi huzungumza vizuri, wanapata mazoezi.

Happy alikuwa anamwagia Nusrat maji ya kawaida usoni, polepole, bila kusugua.

"Na mikono," Nusrat alisema. "Mikono nayo inawaka."

"Mikono gani?"

Nusrat alikunja mikono ya kanzu. Kuanzia kwenye viwiko mpaka kwenye viganja ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, na pembeni ya kifundo ilikuwa imeanza kuinuka. Aliitazama. Akatazama ile tyubu mkononi mwa Bibie. Dawa ya daktari haikugusa mikono yake hata siku moja. Hata shingoni hakuipaka.

"Somo," alisema, "nionyeshe viganja vyako."

Somo aliiweka mikono nyuma.

"Somo, nakuomba."

Mama wa watu alitoa mikono kama mwanafunzi anayesubiri fimbo. Ncha za vidole zilikuwa zimebabuka, na kiganja cha kulia kilikuwa kinang'aa kwa wekundu.

"Inaniwasha tangu nilipoanza kukanda," Somo alisema. "Nikajua ni baridi hii ya Mbeya. Sikutaka kusema, mama. Singo ni kazi yangu, nikisema inaniwasha nani ataniita tena?"

"Na wewe unapaka retino?"

"Mimi? Na uzee huu? Nimtafute nani?"

Bibie alikuwa ameacha kuhutubia. Mtu anayejua kupekua anajua pia anapokaribia kupekuliwa.

"Basi singo hii ina kitu," Nusrat alisema.

Somo alisimama. Alikuwa mfupi, lakini wakati huo alionekana kuongezeka. "Singo yangu? Nimeitwanga kwa mkono huu! Liwa, waridi kavu, mrehani, mchele nimeuosha mwenyewe, nimechekecha mwenyewe! Kitu pekee kilichotoka nje ni marashi ya kukandia. Yale yaliyokuja na sanduku la bwana harusi. Nilisema nina marashi yangu, nikapigiwa simu nikaambiwa la, kwao bibi harusi hukandiwa singo kwa marashi ya upande wa mume."

"Nani alikwambia?"

Hakukuwa na haja ya jibu. Bibie alianza kuutafuta mkoba wake, na mkoba ulikuwa begani kwake.

"Mnatafuta visingizio," alisema. "Mimi nakwenda kupumzika. Safari imenichosha."

"Shangazi, kaa kidogo," Happy alisema, na kwa namna ambayo haikueleweka alikuwa ameshafika mlangoni akaegemea.

Somo alileta chupa. Ilikuwa chupa nzuri yenye shingo ndefu, imefungwa utepe wa dhahabu, ile aliyopokea Mzee Zubery kwa mikono miwili akaionyesha kwa majirani. Happy alifungua kizibo, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mwe! Juu waridi, chini dawa ya nywele. Shangazi, marashi haya yametoka wapi?"

"Unguja!"

"Kwa hiyo hayana neno?"

"Marashi yatakuwa na neno gani? Msitafute pa kujificha!"

Nusrat aliinuka mkekani. Alichukua chupa, akamimina kidogo kwenye kitambaa safi, akakinyoosha kuelekea shavu la Bibie.

"Basi nikupake, Shangazi. Umetoka safari ndefu. Upoe."

Bibie aliruka nyuma mpaka kabati likalia.

"Usinisogezee!"

"Si marashi tu?"

"Nimesema usinisogezee! Uso wangu nimeshaupaka leo!"

"Umeupaka nini?"

Swali hilo liliwafanya wote watazame. Somo alitazama uso mweupe, akatazama vifundo vya vidole, akatazama tena uso. Mtu angeweza kumwona akipiga hesabu yake, na hesabu ikatoka.

"Ninyi watoto hamna shukrani!" Bibie alipasuka. "Nilitia kidogo tu! Kidogo! Mlitaka nifanye nini? Mabaka yale yangetoka kwenye picha, kwenye video, Iringa nzima ingesema Abdulkarim ameoa kaniki! Nilimsaidia! Nilitaka aje akiwa anang'aa!"

Nje ya mlango Mzee Zubery alisema, "Bibie."

"Ulitia nini?" Nusrat aliuliza.

"Retino! Hiyo hiyo yako! Daktari akikupa ni dawa, nikikutia mimi ni sumu?"

Lilikuwa swali la kijanja na lingeweza kumpumbaza mtu. Kwa bahati mbaya ya Bibie, aliyekuwa mlangoni ni nesi.

"Ya daktari ina jina, ina kipimo, na mwenyewe anajua ameipaka," Happy alisema. "Yako ina nini ndani?"

"Ina retino."

"Na nini tena?"

"Na vingine."

"Vingine vipi?"

"Vya kusaidia! Mimi nikichanganya sipimi kwa kijiko, najua kwa macho. Wateja wangu wote..."

Alifunga mdomo, lakini wateja walikuwa wameshatoka.

Kumbe! Mwenyekiti wa akina mama, mhubiri wa rangi ya Muumba, alikuwa anakoroga jikoni kwake na kuwauzia hao hao aliowahubiria. Anawatisha asubuhi, anawauzia jioni. Nusrat alimtazama na hakuona tena shangazi wa kuogopwa. Aliona mwanamke aliyejibabua mwenyewe, akashindwa kuvumilia kumwona mwingine na ngozi yake.

"Uliingia ukanitukana," Nusrat alisema. "Ulijua kilichonibabua. Ulijua kabla hujafungua mlango."

"Sikujua kama ungebabuka hivyo! Nilifikiri utang'aa tu!"

"Na uliponiona?"

Jibu lilikuwa wazi hata kwa Somo. Bibie alipoona ameharibu, alitafuta wa kumbebesha, na wa karibu alikuwa yule aliyeharibiwa.

"Chupa ile niliipokea mimi," Mzee Zubery alisema koridoni, na sauti yake ilikuwa imezeeka ghafla. "Nilikushukuru, Bibie. Nilikuombea dua."

Bado ilibaki simu kitandani.

Haikukatwa. Taa yake ilikuwa inawaka juu ya shuka, na mtu upande wa pili alikuwa anapumua. Nusrat aliiokota.

"Abdulkarim, umesikia?"

"Nimesikia kidogo."

"Ulijua kuhusu chupa?"

"Nusra, mpenzi, hapa mtandao..."

"Ulijua?"

"Shangazi alisema atatia kidogo tu."

Nusrat alifumba macho. Msomaji, usimwonee huruma. Kuna mambo ni heri uyasikie ukiwa mkekani kwenu kuliko uyasikie ukiwa umeshahamia kwao.

Na wakati amefumba macho, spika ya msikiti wa mtaa ilipiga mkwaruzo. Mtaa mzima unaujua mkwaruzo ule. Muadhini wa hapo ana kifua kibovu na kila adhuhuri lazima asafishe koo kabla ya adhana, tena kwenye maikrofoni, na watoto humwigiza. Alikohoa dirishani.

Alikohoa kwenye simu.

Happy alitoa macho. Nusrat aliisogeza simu dirishani, kisha sikioni. Adhana ilianza mara mbili, moja kutoka barabarani na moja kutoka kwa mtu ambaye gari lake limegoma Igawa.

"Fundi ametoka chini ya gari?" Nusrat aliuliza.

Simu ilikatwa.

Alitoka kama alivyo. Somo alimfuata na mtandio akimwita, "Mama, uso, watu watakuona!" Koridoni baba yake alikuwa ameegemea ukuta. Mzee aliinua macho akauona uso wa mwanawe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na mikono yake ikaanza kutafuta kitu cha kushika.

"Nusra, mwanangu."

"Ndio huu, baba. Sikununua rangi."

"Nimesikia yote." Alisogea kando, akamfungulia mlango wa nje mwenyewe. "Nenda. Mimi nitakaa na huyu mgeni wetu mpaka urudi."

Huyu mgeni wetu alikuwa tayari anajaribu kupita.

Gari lilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, limeegeshwa kwa kujibana, vioo vyeusi vimepandishwa. Kwa gari lililogoma, lilikuwa safi na injini yake ilikuwa inanguruma. Wanawake waliokuwa wanapepeta pale waliacha ungo hewani walipomwona binti wa Mzee Zubery akikatiza kati yao kichwa wazi, uso umebanduka, nesi anamkimbilia nyuma na beseni.

Nusrat aligonga kioo.

Kioo hakikushuka. Akagonga tena, mara hii kwa pete ya uchumba, na kioo kikashuka hadi nusu.

Ndani alikuwemo Abdulkarim. Alivaa barakoa, miwani myeusi na kofia iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Kati ya vyote hivyo palibaki nafasi ndogo sana ya mwanaume.

"Una mafua?" Nusrat aliuliza.

"Vumbi la njiani."

"Vua."

"Nusra, watu wanatuangalia."

"Wananiangalia mimi. Vua."

Alivua miwani. Akavua barakoa. Na wale wanawake wa ungo, ambao walikuwa wamesogea bila kujua kwamba wanasogea, walisema "Yesu!" kwa pamoja, na mmoja wao ni Mwislamu.

Mashavu ya bwana harusi yalikuwa mekundu kupindukia. Pua ilikuwa imebanduka mpaka ncha, na kidevuni ngozi ilining'inia kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alikuwa ameungua kuliko Nusrat.

"Na wewe?" Happy alisema nyuma. "Ee Kyala!"

"Shangazi alisema tupake wote," Abdulkarim alisema, akitazama usukani. "Ili tutoke sawa kwenye picha. Mimi nilikuwa naona aibu kuingia ndani hivi. Nilikuwa nasubiri ipoe."

Kwa hiyo alikaa ndani ya gari, nje ya nyumba ya mchumba wake, akisikiliza kwenye simu mchumba huyo akitukanwa kwa kosa lililokuwa linamwasha yeye mwenyewe usoni. Angesema neno moja tu, Mzee Zubery angejua ukweli saa ile. Hakulisema. Aliona afadhali Nusrat akose baba kuliko yeye akose sura.

Nusrat alicheka. Kicheko kilimuuma mashavuni lakini hakukizuia, kilikuwa cha haki yake. Alivua pete, akaiweka juu ya kioo kilichofika nusu, na pete ikadondokea ndani, miguuni kwa mwenye nayo.

Mjinga akiona mtu anacheka hudhani amesamehewa. Abdulkarim aliinua macho, na matumaini yakamjia pale pale kwenye ule uso ulioharibika.

"Itapona, Nusra," alisema haraka. "Nakuapia itapona, wala haiachi alama. Hata ya mke wangu ilipona."

Mashine ya kukoboa ilikuwa imezimwa kwa ajili ya sala. Hakuna hata mmoja pale ambaye hakulisikia neno lile.

"Ya nani?" Nusrat aliuliza.

Abdulkarim alipeleka kidole kwenye kitufe cha kioo. Nusrat aliingiza mkono wake, ule uliobabuka, akaushika ukingo wa kioo, na kioo kikasimama.

"Abduli!" Bibie alikuwa amechomoka kwa Mzee Zubery na alikuwa anakuja mbio, mkoba unapigapiga, kiatu kimoja kimebaki kizingitini. "Abduli, funga mdomo! Ondoa gari!"

"Mke wako yupi?" Nusrat alisema.

"Alikuwa... ni mambo ya zamani. Hatukutangaza. Shangazi alisema..."

"Sikuulizi Shangazi alisema nini. Anaitwa nani?"

"Benedicta."

"Yuko wapi?"

"Kilolo. Kwao."

"Mmeachana?"

Abdulkarim alimtazama shangazi yake anayekuja kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja usio na kiatu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo shangazi alikuwa mbali mno kumjibia.

"Bado," alisema.

Wanawake wa ungo walishusha ungo chini. Bibie alifika, akashika mlango wa mbele wa abiria, akavuta, na mlango haukufunguka, kwa sababu Nusrat alikuwa ameshazunguka upande wa pili, ameingia, ameubana kwa ndani. Happy aliingia nyuma na beseni lake mapajani, maji yakamwagika kwenye viti vipya.

"Abduli, usimsikilize!" Bibie alipiga kioo kwa vifundo vyake vyeusi. "Teremsha huyo! Unanisikia mimi?"

Abdulkarim alimtazama shangazi dirishani, akamtazama Nusrat pembeni yake. Alikuwa mtu wa kufanya anachoambiwa na aliye karibu, na sasa aliye karibu alikuwa amebadilika.

"Hospitali kwanza," Nusrat alisema akifunga mkanda. "Halafu Kilolo, kwa Benedicta."